Kabla hujautangaza mnafu wako kuwa spishi mpya, fungua matumba

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa mimea pori, mwaka wangu wa kwanza nilipoteza karibu miezi miwili kwa mche mmoja wa mnafu, ambao wengine mnauita mnavu. Niliukuta pembezoni mwa shamba la mahindi Lushoto. Ulichanua kupita kiasi, lakini matunda yakawa ya kuhesabu, tena karibu hayana mbegu. Nikajiaminisha kwamba nimepata spishi mpya.

Chavua ndiyo iliyonishtua. Kwenye asetokamini, rangi ya kupaka chavua ili ionekane kwa hadubini, chembe nzima hujaa na kuwa nyekundu, ila zangu nyingi zilikuwa tupu, zimesinyaa. Nikailaumu rangi, nikatengeneza nyingine, majibu yakawa yale yale.

Kumbe tunachokiita mnafu ni zaidi ya spishi moja. Solanum americanum ina kromosomu 24. Solanum villosum, wenye matunda ya rangi ya chungwa, ina 48, na Solanum scabrum, ule wa majani mapana unaouzwa sokoni, ina 72. Wa 24 akichavushana na wa 48, mtoto hurithi 12 huku na 24 kule, jumla 36. Wakati wa meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotangulia kutengenezwa kwa chavua, kila kromosomu hutafuta mwenzake. Zinazokosa mwenza huangukia upande wowote au huachwa nyuma, na chavua inayotoka hapo haina uhai. Nilipopasua matumba ya mche wangu niliyaona hayo waziwazi, nikajua ni chotara, si spishi mpya: jozi zimejipanga katikati ya seli, nyingine zimetawanyika pekepeke.

Kwa hiyo anza na matumba. Chukua machanga sana, kabla petali hazijachungulia, kwa sababu ua likishafunguka meiosisi imekwisha zamani. Yatumbukize papo hapo kwenye ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki sehemu 1, yakae siku nzima, kisha uyahamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Usiyafunge kwenye karatasi hadi ufike maabara. Nimeshatupa matumba ya safari nzima kwa uzembe huo.

Chavua nayo usiihesabu siku moja ukatoa hukumu. Joto kali na ukame huiharibu hata kwa mmea usio na tatizo la kromosomu. Tena kushika rangi si ushahidi kwamba itaota. Ipande kwenye maji ya sukari yenye asidi ya boriki kidogo, uone kama inatoa mrija.

Kuhusu utofauti wa jeni, mnafu hujichavusha wenyewe mara nyingi, hivyo miche 30 ya kona moja inaweza kuwa kama ndugu wa tumbo moja. Ni heri michache kutoka vijiji vingi.

Mche wangu ulikauka kiangazi, na mbegu za kuurudisha sikuwa nazo. Shina la mnafu huota mizizi likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu. Chomeka vipande viwili vitatu siku ile ile unapoanza kuushuku.