Kenya na AfroBasket: haikuanza 2021

Ndugu, umeuliza kama 2021 ndiyo mara ya kwanza kwa Kenya kucheza AfroBasket, mashindano ya mpira wa kikapu ya mataifa ya Afrika. Hapana. Mwaka 1993 mashindano yalifanyika Nairobi kwetu na tukamaliza nafasi ya nne. Hata 1985 kule Abidjan tulikuwepo. Baada ya 1993 ndipo tukapotea kabisa, miaka 28.

Dalili za kurudi zilionekana 2019 huko Bamako, Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, walipofika fainali ya AfroCan, mashindano mengine ya kikapu ya Afrika, na kufungwa na DR Congo. Lakini siku yenyewe ni Februari 2021, Yaoundé, Cameroon, mechi ya kufuzu AfroBasket dhidi ya Angola, waliokuwa mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo. Sekunde za mwisho tuko nyuma 73 kwa 72. Mpira anao Tylor Ongwae, beki yuko naye kifuani, anaruka akijivuta nyuma, anauachia. King'ora kinalia, wavu unatikisika: 74 kwa 73! Nilikuwa natazama kwa simu, nikapiga kelele hadi jirani akaja kugonga mlango.

Kocha alikuwa Liz Mills wa Australia, na mashindano yenyewe yalipofanyika Kigali, Rwanda, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya wanaume kwenye AfroBasket. Mali tuliwafunga, kisha Sudan Kusini wakatutoa 60 kwa 58. Kikapu kimoja tu! Hiyo mechi bado inaniuma, maana robo fainali tulikuwa tumeishaishika mkononi.