Kulala Mjini usiku mmoja wakati wa masika

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Umeuliza kama inafaa kulala Mjini Unguja, yaani Mji Mkongwe wa Zanzibar, usiku mmoja mwezi wa Aprili, mkitoka Nungwi kwa gari kuelekea Makunduchi, ili wewe na mkeo mpate chakula cha jioni cha heshima licha ya mvua.

Inafaa, ila masika huwa Machi hadi Mei na hoteli kadhaa hufunga milango kipindi hicho, kwa hiyo piga simu kabla ya kuondoka, uweke meza, na uulize waziwazi kama mtakaa ndani au juu ya dari. Migahawa ya darini, kama ule wa hoteli ya Emerson on Hurumzi, ina sifa kubwa na mandhari ya kupendeza, lakini upepo ukivuma kutoka baharini mvua huingia kwa ubavuni hata palipoezekwa. Mimi ningechagua ukumbi wa ndani, nikaagiza pweza wa nazi au samaki wa kupaka, maana kwa vyakula hivyo ndipo wapishi wetu wanapojulikana. Nyama za kuchoma za kizungu mtazikuta popote.

Gari liache Darajani au Malindi, kwani vichochoro vya Mji Mkongwe havipitiki kwa gari. Maji yakijaa njiani, pandeni juu ya baraza za nyumba na mfuate ukuta. Ndivyo wenyeji wanavyofanya. Mkeo avae kandambili, viatu vizuri avibebe mkobani.

Forodhani, penye soko la vyakula la usiku, muiache, mvua ikinyesha majiko huzimwa.