GCC haioni cc1 kwenye Ubuntu 22.04: usifute mfumo kwanza

Mkuu, umesema ukikompaili faili lolote la C, gcc (kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wa C kuwa programu ya kuendeshwa) inalalamika kwamba imeshindwa kuendesha cc1, na `sudo apt install --reinstall build-essential` umeirudia bila mafanikio. Usikimbilie kuweka Ubuntu upya. ISO yake (faili la kuiwekea) inazidi GB 3, wakati dawa ya tatizo hilo ni kama MB 10 tu.

Build-essential haina kompaila ndani yake. Kazi yake ni kumwagiza apt (msimamizi wa paketi, yaani vifurushi vya programu) alete gcc, g++, make, libc6-dev na dpkg-dev. Apt akikuta zote zimeandikwa kwenye daftari lake kuwa zipo, hahangaiki; hakagui kama kuna faili limefutwa kwenye diski. Na gcc unayoiita ni nyapara tu: humpa cc1 kazi ya kugeuza C kuwa asembli (lugha iliyo karibu na ya mashine), kisha `as` huigeuza kuwa lugha ya mashine, mwisho `ld` huunganisha vipande. Kwako nyapara yupo, fundi hayupo.

Mashine ya mdogo wangu ilikuwa hivyohivyo. Rafiki yake alitaka kupunguza mzigo kwenye diski, akayasaka mafaili makubwa ndani ya /usr/lib na kufuta asiyoyatambua. (Na sudo alipewa!) Tulianza na hii:

`gcc -print-prog-name=cc1`

Ukipata njia nzima, faili lipo. Ukipata neno cc1 peke yake, halipo. Sasa mwulize dpkg, anayemfanyia apt kazi ya kuweka paketi, ni la paketi gani:

`dpkg -S '*/cc1'`

Kwa 22.04 atakutajia cpp-11. Siyo gcc-11, na ndiyo maana watu wanaiweka gcc-11 upya mpaka wanachoka. Kwa hiyo:

`sudo apt install --reinstall cpp-11`

Kwa C++ fundi ni cc1plus, naye yuko kwenye g++-11.

Ikikubali, piga pia `sudo dpkg -V`. Inachukua muda, lakini itakuorodheshea kila faili la mfumo lililotoweka, kwa neno missing. Aliyefuta moja huenda alifuta mengi. Mafaili ya /etc yakitokea kuwa yamebadilika, mara nyingi ni mipangilio yako mwenyewe, yaache.

Likija lalamiko la stdio.h au crt1.o, hapo inakosekana libc6-dev (mafaili ya kujengea programu juu ya libc6, maktaba kuu ya C). Apt akikataa kuiweka kwa sababu ya toleo la libc6, ujue hizo mbili lazima zilingane kabisa. Mara nyingi jammy-updates au jammy-security (jammy ni jina la 22.04) imezimwa kwenye sources.list, orodha ya vyanzo vya apt; iwashe, piga `sudo apt update`, jaribu tena. Usiiondoe libc6 kwa hali yoyote, maana karibu kila programu inaitegemea, apt akiwemo.

Kama cc1 ipo na bado inagoma, tuwekee hapa majibu ya `type -a gcc`. Nahisi kuna gcc nyingine ndani ya /usr/local/bin inayotangulia.