Umekufa mara saba? Endelea tu: maswali yenu kuhusu VN za muda unaojirudia

Mmeuliza sana kuhusu hizi gemu za kusoma, VN (visual novel, hadithi ya picha na maandishi), zile zenye kesi ya mauaji alafu siku inarudi mwanzo kila ukifa. Nimechukua haya machache. Walioniuliza "niambie tu muuaji nani" siwajibu ng'o, mtanisamehe.

Kaka hii ni gemu au kitabu? Nimebonyeza dakika arobaini na sijafanya kitu zaidi ya kusoma.

Ni kusoma, usijidanganye. Maandishi chini, picha ya mhusika juu, muziki unapiga, mara inatokea menyu ya machaguo mawili matatu, ukibonyeza moja hadithi inakata kona. Dakika arobaini bila menyu ni kawaida kabisa. Ile Higurashi ya mwandishi Ryukishi07, sura 8 zilizotoka kati ya 2002 na 2006, karibu yote haina machaguo, we unasoma tu mambo ya kijiji cha Hinamizawa mwezi Juni 1983 na kazi yako ni kuumiza kichwa. Kama vidole vyako vinataka shughuli basi tafuta gemu nyingine, hamna ubaya.

Kila njia nikichagua nakufa. Nishakufa mara saba na nahisi mi ni mjinga. Nitafute mwongozo?

Sio ujinga ndugu yangu, umekufa kwa ratiba ya mwandishi. Kwenye gemu nyingine kufa ni adhabu, hapa kufa ndo kunakulipa. Chukua Raging Loop ya kampuni ya Kemco, iliyotoka Japani 2015 na kwa Kiingereza 2019: kuna machaguo yamefungwa na kufuli, unayaona lakini huwezi kubonyeza, na ufunguo unaupata kwenye njia nyingine ambayo mara nyingi inaishia wewe kuuawa, kwahiyo asiyekufa hafiki popote. Virtue's Last Reward ya 2012 nayo inakufikisha sehemu hadithi inasimama katikati, sio kwamba umekosea, ni kwamba bado hujajua jambo fulani ambalo liko tawi lingine, ukishaenda kulijua kule unarudi kwenye ramani ya matawi na pale palipogoma panafunguka. Wazo lenyewe la kukupa ramani uruke ruke ni la zamani, YU-NO ya 1996 (ile ilikua ya watu wazima, nawatahadharisha) ilikua inakupa vito vichache, unaweka kimoja mahali alafu baadae unaweza kurudi pale pale ukiwa na vitu ulivyookota njia nyingine.

Kwahiyo chukua daftari. La karatasi, sio la kwenye simu, kwasababu ukishika simu utaangukia spoila, yani mtu anakufichulia siri ya hadithi. Kila ukifa andika mambo matatu: nilikua na nani mara ya mwisho, nini nilichagua tofauti na mara iliyopita, na nini nimekijua ambacho mhusika wangu asubuhi ile hakupaswa kukijua. Hilo la tatu ndo dhahabu yenyewe. Mwongozo utumie ukiwa umekwama kabisa siku mbili hivi, na hata hapo soma mstari mmoja ufunge, mi niliwahi kusema nasoma mstari mmoja nikajikuta nimesoma mpaka jina la muuaji na gemu ikawa imekufa mkononi, sijaimaliza hadi leo.

Kurudia scene zile zile kunanichosha. Nabonyeza skipu tu, ni dhambi?

Hapana, skipu ndo mpelelezi wako bora na watu wengi hawajui! Gemu nyingi za aina hii zina skipu ya maandishi uliyoshayasoma, yani inakimbia kwenye ya zamani na ikikutana na sentensi mpya inasimama yenyewe. Sasa fikiria, uko kwenye lupu ya tano (lupu ni kila mzunguko siku inaporudi mwanzo), scene ya chai asubuhi umeiona mara nne, skipu inakimbia, ghafla inasimama kwenye sentensi ambayo kwa macho ungeapa ni ile ile. Usibonyeze kwa hasira. Kuna kitu kimebadilika pale, labda mtu amekaa kiti kingine, labda amesema "tena" mahali ambapo mwanzo hakusema. Mi nikiona skipu imesimama mapema kuliko nilivyotegemea naandika kwanza alafu ndo naendelea. Hakikisha tu kwenye settingi umeweka iruke yaliyosomwa peke yake, ukiruhusu iruke yote umejipofusha mwenyewe.

Nitajuaje nani mwingine kwenye hadithi anakumbuka lupu zilizopita?

Swali zuri kuliko yote na nalipenda. Kabla ya kutafuta mtu tafuta sheria: nini kinafutika, nini kinabaki, na lupu inaanzia saa ngapi. Mwandishi mwaminifu atakuonyesha haya mapema hata kama hatayasema kwa mdomo.

Ukishazijua, fanya hivi. Rudia lupu bila kubadilisha chochote. Kila kitu kikienda vile vile kasoro mtu mmoja, basi huyo ana taarifa ambazo zimetoka nje ya siku hiyo, kwasababu dunia ikianza sawa na wewe ukifanya sawa, asiyekumbuka hana sababu ya kufanya tofauti. Shida ni kwamba wachezaji hawana subira, wanabadilisha mambo matano kwa mpigo, wanamkwepa huyu wanampa yule barua wanachelewa chakula, alafu mtu akibadilika wanamshuku wakati wao wenyewe ndo wamemsukuma. Badilisha kitu kimoja kwa lupu moja. Inachosha, ndio, ila ushahidi unakua msafi.

Na tahadhari: hii haifanyi kazi Gnosia (2019), kule kila lupu majukumu yanagawanywa upya, aliyekua adui jana leo ni mwenzako, kwahiyo unachobeba sio jina la muuaji ila tabia za watu, nani akidanganya anaongea sana na nani ananyamaza. Kule mpaka watu 15 kwenye chombo kimoja cha anga, utawajua kama ndugu zako.

Machaguo yana maana kweli au wanatuzuga?

Mengine wanatuzuga. Unachagua "ndio" au "hapana" na jibu linakuja lile lile. Steins;Gate ya 2009 ilikwepa hili kijanja, hakuna menyu, unachofanya ni kupokea simu au kuiacha, kujibu ujumbe au kuupuuza, na majibu yako madogo madogo ndo yanaamua endi (mwisho wa hadithi) utakayofikia, unaweza kupita chaguo kubwa bila kujua kwamba ulikua unachagua.

Nataka kutengeneza ya kwangu. Nina wazo lenye machaguo kumi, nianzie wapi?

Dada anzia kwenye hesabu, kabla hujaandika hata jina la marehemu. Machaguo kumi, kila moja njia mbili, na njia zisirudi kukutana, una endi 1,024. Ukijumlisha scene zote za kufika huko ni 2,047, na kila scene ikiwa na maneno 500 tu umeshapita maneno milioni moja. Utazeeka! Sasa zifanye njia zigawanyike alafu zikutane tena baada ya kila chaguo, unabaki na scene 31 (moja ya kuanzia, alafu kila chaguo scene mbili za njia na moja ya kukutana), maneno kama elfu kumi na tano na mia tano, hiyo mtu anaimaliza. Kilichobadilika unakiweka kwenye flagi, alama ndogo inayoikumbusha gemu kwamba mchezaji aliona kisu, alafu mbele huko unaitumia kubadilisha sentensi mbili.

Na lupu inakusaidia maana mandhari ni zile zile, nyumba ile ile, wahusika wale wale, mchoraji wako atakushukuru. Kwa injini, yani programu ya kutengenezea gemu, wengi wanatumia Ren'Py ya Tom Rothamel, ipo tangu 2004, ya bure, imejengwa juu ya lugha ya programu ya Python, na Slay the Princess ya 2023 imetengenezwa nayo kwahiyo usiidharau. Kitu cha kwanza kujifunza humo ni data inayoanza na neno persistent. Vitu vya kawaida mchezaji akianza gemu upya vinafutika, hiyo inabaki, na ndo unapoweka kile ambacho mchezaji amekijua kwenye lupu zilizopita.

Kosa moja ambalo kila anayeanza analifanya: anakopi scene ya asubuhi anaibandika tena kwa ajili ya lupu ya pili. Usifanye hivyo. Ren'Py haiangalii maneno inaangalia ni mstari gani wa kodi (maandishi ya programu), kwahiyo ile kopi itahesabika haijasomwa na skipu itasimama kila sentensi, na msomaji wangu mwenye daftari atadhani kila kitu ni ushahidi. Andika scene mara moja, iite tena, na ndani yake weka masharti kwenye zile sentensi zinazobadilika tu.

Kumwambia rafiki "hii gemu ina lupu" ni spoila?

Inategemea. Kama lupu iko kwenye maelezo ya kuuzia, sema. Kama mwandishi amekaa masaa ishirini akiificha, nyamaza, mwambie tu "isome". Na ndio, nimeona juu kule kuna gemu moja nimeitaja ambayo pengine sikupaswa kuitaja kwenye safu yenye kichwa cha habari kama hiki. Msianze kunitumia matusi, imeshatoka miaka mingi.