Trela mmeipima, bibi je?

SWALI: Kaka za siku nyingi, natumaini u mzima. Sisi tuko Columbus, Ohio, mimi na mume wangu na watoto watatu wa miaka 14, 10 na 6. Mwaka wa nne huu kila kiangazi tunaenda kupiga hema, Hocking Hills tumeenda mpaka watoto wanajua kila jiwe, na safari hii tumepania Smoky Mountains kule Tennessee mwezi wa saba. Sasa mama mkwe anakuja kutoka Tanga anakaa miezi mitatu, goti linamsumbua, kulala chini hawezi, na habari ya kwenda choo usiku na tochi ndo kabisa usimwambie. Mume wangu kaona trela ya kulala inauzwa, ya 2019, futi 24, ina dabo deka kule nyuma, choo, bafu, jiko, friji, dola 15,800. Tangazo linasema uzito paundi 4,250 na Honda Pilot yetu inavuta 5,000, kwahiyo anasema hesabu imekubali na chenji inabaki. Mie roho inasita tu hata sijui kwanini. Hela tunayo nusu, nusu nyingine mkopo. Tununue? – Mama Watatu, Columbus

JIBU: Dada, mie msimamo wangu nauweka mapema ili usisome mpaka chini roho juu: hiyo trela muiache. Sio kwamba trela mbaya, sijaiona, ila kwa hiyo gari na hiyo familia haiendi. Na shemeji asinikasirikie, kosa alilofanya karibu kila mtu analifanya, nami nimelifanya, na mimi naendesha semi, napita kwenye mizani kila wiki!

Nilivyosoma barua yako nilikuandikia nikakuomba ufungue mlango wa dereva upige picha ile stika yenye rangi ya njano na nyeupe, ukanitumia. Imeandikwa kwamba watu na mizigo kwa pamoja visizidi paundi 1,400. Hiyo ndo namba inayowahusu, na kwenye tangazo la trela huwezi kuiona maana muuzaji hajui gari yako na wala haimhusu. Ile 5,000 ni ya kuvuta. Hii 1,400 ni ya kubeba. Trela inavutwa ndio, lakini pua yake inakalia gari, na uzito wa pua unatakiwa uwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya trela nzima, ukipungua hapo trela inaanza kucheza mkia barabarani na hiyo mkia ikianza kwenye haiwei utaita majina yote ya mitume.

Haya tuhesabu. 4,250 ni trela tupu kama ilivyotoka kiwandani, hakuna hata kijiko. Tia maji kwenye tangi, mengi ya size hiyo yanabeba kama galoni 40, galoni moja ya maji ni paundi 8.3, hiyo tayari 332. Mitungi miwili ya gesi na betri, weka 125. Halafu vyenu: matandiko, nguo za watu sita, vyakula, viti vya kukunja, baiskeli ya mdogo, na dada nakufahamu japo hatujaonana, lile sufuria kubwa la pilau haliachwi na mchele hautanunuliwa Tennessee. Weka 500, na hapo nimewaonea huruma. Jumla inakuja 5,207. Chenji ya shemeji iko wapi? Mmeshapitiliza na bado hamjatoka uani.

Mtasema basi tusafiri bila maji, tutajaza kule kule. Sawa, inashuka 4,875, imepenya kwenye tundu la sindano. Ila pua yake kwa asilimia 12 ni paundi 585, na Pilot inaruhusu pua ya 500 tu. Halafu weka watu ndani ya gari, nimekadiria tu msinune: baba 200, mama 165, watoto 115, 80 na 55, na bibi 170. Hiyo 785. Jumlisha na pua 1,370, ongeza lile dude la chuma la kugawa uzito wa pua ambalo wengi wanalifunga kwa trela ya hivyo, lenyewe linakaribia paundi 80, hapo mko 1,450 kwenye gari ya 1,400, na kwenye buti hakuna hata chupa ya maji. Kabla ya bibi kuja, kwenye hiyo 1,400 mlikuwa mnapita kwa shida. Trela inanunuliwa kwa ajili yake na ndo mtu pekee ambaye hakuna aliyemhesabu. (Na asije mtu akasema bibi apande kule kwenye trela alale njia nzima, Ohio sheria inakataza mtu kukaa ndani ya trela ikiwa inatembea.)

Kingine, ile 5,000 ni ya Pilot ya magurudumu manne, yaani inayosukumwa na yote manne (AWD). Inayosukumwa na mawili tu ni 3,500. Angalieni yenu ipi, maana wengi wanasoma namba kwenye intaneti ya gari isiyo yao.

Sasa kwanini nakazania hivi wakati mnaona watu wanapita na matrela makubwa kuliko hayo na gari ndogo? Kwasababu mnawaona kwenye tambarare. Columbus kwenu pamelala kama chapati. Kule mnakotaka kwenda, barabara ya kukatiza hifadhi ya Smoky inapanda mpaka Newfound Gap, futi 5,046, alafu inashuka upande wa pili kuelekea mji wa Cherokee, kona juu ya kona. Kupanda gari italia tu, kushuka ndo shughuli, breki zinachemka, na trela la futi 24 ubavu wake ni ukuta mtupu, upepo ukilipiga ubavuni au likipitwa na semi kama langu linasukumwa kwanza halafu linavutwa, nawaona kwenye kioo baba wa watu kashika usukani kwa mikono miwili mishipa imemtoka. Hata mwenye trela inayoendana na gari yake namshauri aiache kambini, milimani apande na gari peke yake.

Tuje kwenye trela yenyewe, maana najua shemeji atasema tutabadilisha gari. Mimi nilinunua ya kwangu ya kwanza kwa mtu mmoja tu mkarimu, kanikaribisha na chai. Ndani inanukia udi, sio udi, ile spray ya waridi. Nikapenda. Nikakanyaga kanyaga sakafu, pale karibu na bafu ikabonyea kidogo kama boflo la jana, nikauliza, nikaambiwa ah hayo mazulia ya plastiki ndo yalivyo. Nikalipa. Mvua ya kwanza nikaelewa ile waridi ilikuwa inaficha nini. Maji yalikuwa yanaingilia juu kwenye kona ya paa, yanateremka ndani ya ukuta kimya kimya miaka sijui mingapi, mbao za ndani nilizichomoa kwa mkono kama nachambua samaki. Ukarabati ulinila zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia.

Kwahiyo mkienda kuangalia trela yoyote nendeni siku mvua imenyesha. Waombeni wasifungue madirisha kabla hamjafika, muingie mnuse. Fungua kabati za juu pale kwenye kona upapase kwa kiganja, kukiwa na unyevu au karatasi ya ukuta imefura, geuka uende nyumbani usibishane bei. Ubavu kwa nje uutazame kwa mshazari jua likiwa chini, ukiona umevimba kama tumbo hiyo gundi imeachia, haitengenezeki kwa bei ya akili. Panda ngazi uone paa, ile gundi nyeupe kwenye viungo isiwe imepasuka, na muulize aliikagua lini mara ya mwisho maana inatakiwa ikaguliwe walau kila mwaka. Tairi usidanganywe na kashata nzuri, trela nyingi zinakaa tu kwahiyo tairi inazeeka kabla haijaisha, ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, ikisema 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hizo weka kabisa kwenye hesabu ya kubadilisha. Tena tairi nyingi za trela zimewekewa mwisho maili 65 kwa saa, wakati nyie najua mnavyoendesha kwenda arusi za Kentucky. Na taito, ile hati ya umiliki, iwe jina la anayeuza, namba za chasi zilingane, na kama ana mkopo benki aumalize kwanza.

Hela nitapita haraka. 15,800 ndo mlango tu. Kontrola ya breki za trela, chuma cha kufungia trela, bima, mkopo wenye riba kwa kitu kinachoshuka thamani kila mwaka, na pa kuiweka, maana mitaa mingi yenye chama cha wenye nyumba hawataki trela uani, mimi nalipa dola 75 kwa mwezi sehemu ya kuegesha na hiyo ni rafiki. Oktoba unatoa maji yote kwenye mabomba unatia ile dawa ya pinki isigande, ukisahau majira ya baridi ya Ohio yatakupasulia kila kitu. Nyie mnatoka mara ngapi? Barua inasema kiangazi tu, tuseme usiku kumi kwa mwaka. Gawanya mwenyewe.

Na lipo suala la choo ambalo hakuna tangazo linaloonyesha. Kile choo kina tangi, tangi likijaa kuna mtu anatakiwa avae glovu, aunge bomba, avute mlango mdogo, asikilize. Mpange mapema ni nani. Kwangu tulipanga kwa zamu, zamu ikawa yangu tu.

Sasa bibi afanyeje? Hapa ndo nina habari nzuri. Kodisheni. Kwenye Outdoorsy au RVshare, zile tovuti za kukodisha trela, kuna wenye trela wanaoileta mpaka kambini, wanaisimamisha, wanaunga maji na umeme, mnafika na Pilot yenu nyepesi mnakuta kitanda kimetandikwa, mkiondoka wanakuja kuichukua pamoja na lile tangi. Ila ulizeni kambi kwanza kama wanaruhusu kuletewa, za binafsi upande wa Townsend au Pigeon Forge ndo pa kuanzia. Ndani ya hifadhi yenyewe, kambi za Elkmont na Cades Cove, kuzuri mno lakini hakuna umeme wala maji ya kuunga kwenye trela, wala bafu la kuogea, kwahiyo AC haiwaki bila jenereta. Labda msiihitaji, usiku wa kule mtu wa Tanga ataomba blanketi mwezi wa saba. Na nafasi za humo zinafunguliwa miezi sita kabla kwenye recreation.gov, zinakwisha kama mandazi ya asubuhi.

Mkikaa usiku nne tano hivyo na mvua ikawapiga siku moja, mko sita ndani, madirisha yamefungwa, mtoto anataka choo na bibi yumo humo humo anatia udhu, hapo mtajua kama nyie ni watu wa trela au la. Mkiona mmeipenda, rudini sokoni mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wenye trela wanaowaza ada ya kuegesha wanapunguza bei wenyewe. Kwa Pilot ya magurudumu manne tafuteni ile ambayo uzito wake wa juu kabisa, sio uzito mtupu, ule ulioandikwa kwenye kibati ubavuni, hauzidi 4,000, itakuwa futi 16 hadi 18 hivi. Najua haiwatoshi watu sita. Na isiwatoshe. Bibi na wewe na mdogo ndani, shemeji na wakubwa wawili kwenye lile hema lenu la siku zote, kambi za Smoky zinaruhusu watu sita, trela moja na hema moja kwenye kiwanja kimoja, utadhani waliwaza nyie. Siku ya kwanza mkiipakia, piteni kwenye mizani ya CAT pale wanapojaza mafuta malori, ni dola chache tu, mnapewa karatasi. Bibi asishuke.

SWALI: Mimi niko Leicester, nimepata leseni ya gari 2009, jamaa wananiambia sina ruhusa ya kuvuta karavani mpaka nifanye mtihani mwingine. Kweli? – Msomaji, Uingereza

JIBU: Ilikuwa kweli, sio tena. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya gari ya kawaida aliyefaulu kuanzia Januari 1997 anaruhusiwa kuvuta trela hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, jamaa zako wamebaki na habari ya zamani. Ila uwezo wa gari yako uko pale pale, soma hilo jibu la dada hapo juu ubadilishe paundi ziwe kilo. Motowei mwisho ni maili 60 ukiwa na karavani, barabara ya kawaida isiyogawanywa katikati 50, na motowei yenye leni tatu au zaidi ile ya kulia kabisa sio yako hata kama lori la mbele linakukera. Kaa nyuma yake unywe chai ukifika.