Seva Mbili Hazitimizi Akidi

SWALI: Ndugu mhariri, chama chetu cha akiba na mikopo hapa Kigoma kimefunga seva mbili zinazofanana ili moja ikizimika nyingine ishike kazi. Zimeunganishwa kwa kebo moja, na zote zinatumia UPS moja (betri ya akiba ya umeme). Juzi kebo ilichomoka, na kila seva ikaendelea kupokea miamala kivyake. Tumekosea wapi?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Kabla ya yote, zimeni seva moja leo, nakilini data za zote mbili, na msifute kitu. Kulinganisha miamala iliyoachana ni kazi ya mkono, mmoja mmoja.

Sasa kosa. Klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, huamua kwa akidi, kama mkutano wenu mkuu: zaidi ya nusu ya kura. Wajumbe wakiwa wawili, zaidi ya nusu ni wote wawili. Nyinyi inaelekea mliruhusu kila seva iendelee kwa kura yake moja, na hapo mawasiliano yakikatika kila moja huamini mwenzake amekufa. Ongezeni kura ya tatu. Si lazima iwe seva kubwa. Kompyuta ndogo isiyozimwa inatosha kuendesha QNetd, programu inayotoa kura ya tatu kwa Corosync (programu ya mawasiliano na kura za klasta). Isiwekwe tu ndani ya mojawapo ya seva hizo, maana seva hiyo ikianguka itaondoka na kura mbili.

Pili, seva iliyobaki isiguse data mpaka ihakikishe mwenzake amezimwa. Amri ya kuizima kwa kawaida hupita kwenye IPMI, njia ya kuwasha na kuzima seva kwa mbali, na hapa wengi hunasa: IPMI hutumia umeme wa seva ileile. Seva ikikosa umeme kabisa, IPMI haijibu, uthibitisho haupatikani, klasta nzima inaganda. Kwa hiyo kila seva iwe na pawasaplai (kifaa cha ndani kinachoipa seva umeme) mbili, kila moja kwenye UPS yake, na kila UPS iweze kubeba mzigo wote peke yake. Mnaponunua, someni wati (umeme halisi unaotolewa), si VA (volti-ampea) pekee.

Corosync ipewe kebo mbili kupitia swichi mbili, mbali na njia ya nakala za usiku. Njia ikijaa, ujumbe huchelewa na seva iliyo hai huhesabiwa imekufa.

RAM (kumbukumbu ya kazi) pia: seva zikiwa na GB 64 kila moja, kazi zote kwa jumla zisizidi kama GB 56, ili moja iweze kuzibeba.

Mkimaliza, chomoeni kwa makusudi, mkitumia data za majaribio: kebo moja, swichi moja, UPS moja, mwisho nyaya zote za umeme za seva moja.