Injini Inapozima Juu ya Ziwa: Ushauri kwa Marubani wa Ndege Ndogo Kanda ya Ziwa

Kila anayejifunza kurusha ndege ya injini moja hufundishwa mapema hatua za kufuata injini inapozima, naye huzikariri mpaka azitaje usingizini. Huku kwetu Mwanza, hata hivyo, hatua hizo ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine, yaani mahali ambapo ndege itakwenda kukaa, rubani huwa ameshaiamua akiwa bado chini, alipochora njia yake kwenye ramani na kuchagua kimo cha kusafiria.

Nianze na kimo, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapojidanganya. Uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, sawa na futi 3,700 hivi. Kwa hiyo kipima kimo kinaposoma futi 8,500, ndege iko futi 4,800 tu juu ya maji. Ndege ndogo aina ya Cessna 172 isiyo na nguvu ya injini huteleza hewani takriban kilomita 2.7 kwa kila futi 1,000 inazoshuka, ikiwa hakuna upepo wa mbele. Futi hizo 4,800 zinakupa kama kilomita 13, wala si 23 ambazo mtu angezipata kwa kuzidisha namba aliyoisoma kwenye saa ya kimo. Ukiwa umbali wa kilomita 20 kutoka ufukweni kwa kimo hicho, umeshakubali kwamba injini ikizima utatua majini, hata kama hukuwahi kulitamka jambo hilo.

Ndiyo maana safari ya Bukoba mimi huipitisha juu ya Sengerema, Geita na Chato, ingawa mstari mnyoofu unaokata ziwa ni mfupi zaidi. Abiria wengine hunung'unika wanapoona tunazunguka, nami huwaacha wanung'unike. Hata nchi kavu yenyewe inataka kuchaguliwa. Majabali ya Mwanza ni mazuri kwa wapiga picha lakini hayana huruma kwa magurudumu, majaruba ya mpunga ya Magu na Misungwi yana kingo zinazoweza kuipindua ndege, na barabara ya lami, ambayo kutoka juu huonekana kama uwanja uliotayarishwa, ina nguzo za umeme, bodaboda na ng'ombe. Shamba lililovunwa, lenye matuta yanayofuata upande unaokuja nao, mara nyingi ni bora kuliko vyote hivyo.

Asubuhi moja ya masika nilikuwa nikirudi kutoka Musoma, na hewa ilikuwa na unyevu mwingi baada ya mvua ya usiku. Tulipokaribia Ghuba ya Speke niliona mizunguko ya injini ikishuka polepole bila mimi kugusa chochote, kisha injini ikaanza kutetemeka na kukohoa. Mzee wa Bunda aliyekaa kulia kwangu aliniuliza, "Kijana wangu, hiyo ndiyo kawaida yake?" Nilimjibu, "Hapana, mzee wangu, lakini kimo tunacho cha kutosha. Kaza mkanda." Niligeuza pua kuelekea nchi kavu upande wa mashariki, nikaiweka ndege kwenye mwendo wa kuteleza, ndipo nikavuta hadi mwisho kitufe cha joto la kabureta, kinachopeleka hewa ya moto kwenye kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Injini ilizidi kuwa mbaya. Ilipiga mshindo, ikazima kwa muda uliotosha kusikia upepo ukipita kwenye mabawa, kisha ikarudi taratibu mpaka ikanguruma sawasawa.

Ilikuwa barafu ndani ya kabureta. Wengi hawaamini kwamba barafu inaweza kuganda mahali penye joto la nyuzi 25, lakini mafuta yanapogeuka mvuke ndani ya kabureta, na hewa inapopita kwenye njia nyembamba, joto la humo linaweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi, na unyevu wa ziwa hugandia hapo hapo. Sisitizo langu ni kwenye ile dakika injini inapozidi kukohoa baada ya kuvuta joto. Hayo ni maji ya barafu inayoyeyuka yakipita ndani ya injini. Rubani asiyejua hukirudisha kitufe kwa hofu, na kwa kufanya hivyo huilinda barafu iliyokuwa karibu kuisha.

Mpangilio wenyewe uwe hivi: kwanza mwendo, pili mahali, tatu chanzo, na redio baadaye. Injini ikizima, pua ishushwe mara moja hadi mwendo wa kuteleza, ambao kwa Cessna 172 ni takriban noti 65, yaani kilomita 120 kwa saa, kutegemea toleo na uzito. Mkono hutamani kuvuta usukani ili kubaki juu, na tamaa hiyo ndiyo hupunguza mwendo mpaka mabawa yakashindwa kuibeba ndege. Ukishachagua mahali na kugeukia huko, kagua valvu ya matangi, mchanganyiko wa mafuta, joto la kabureta na magneto, yaani vyanzo vya cheche za injini. Kisha uite mnara wa Mwanza kwenye masafa unayotumia, au masafa ya dharura 121.5 kama huna mengine, useme uko upande gani wa kisiwa gani na mko watu wangapi. Hitilafu nyingine, kama maji ndani ya mafuta au nyigu waliojenga kwenye tundu la hewa la tangi, hutafutwa chini kabla ya kuruka. Ukiwa angani hazina tiba ya haraka.

Injini ikizima mara tu baada ya kuruka, usigeuke kurudi uwanjani. Mchana wa nyuzi 30, hewa ya Mwanza ni nyepesi kama ya kimo cha futi 6,000 na zaidi, hivyo ndege hupanda kwa uvivu, na kona ya kurudi hula kimo ambacho huna. Tua mbele yako, kulia kidogo au kushoto kidogo, hata kama mbele yako ni maji.

Kutua majini kunahitaji abiria walioandaliwa. Jaketi okozi livaliwe kabla ya kuondoka, lisifichwe chini ya kiti, wala lisijazwe hewa mpaka mtu awe nje ya mlango, kwa sababu aliyelijaza ndani huelea hadi darini na kunasa hapo. Milango ifunguliwe kabla ya kugusa maji na kuzuiwa kwa kiatu isijifunge tena. Shuka sambamba na mawimbi, kwa mwendo mdogo kadiri ndege inavyoweza kubebeka, ukijua kwamba magurudumu yasiyokunjwa yanaweza kuifanya ibinuke. Ziwa likiwa shwari kama kioo, macho hayawezi kupima umbali wa maji, hivyo tua karibu na ufuko au mtumbwi ili uwe na kitu cha kulinganisha.

Mtumbwi una faida nyingine. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliowahi kufika. Watu 19 walifariki. Ajali ile ilitokea ndege ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, lakini kwa yeyote aliye majini ziwani humu, msaada wa kwanza huenda ukawa wa wavuvi. Kwa hiyo elekea waliko, utue pembeni yao wala si mbele ya chombo chao. Mkishatoka, kaeni pamoja mkiwa mmeshika bawa maadamu linaelea, wala asiogelee mtu kufuata ufuko unaoonekana karibu. Mtumbwi ukifika, waombe wazime mashine yao kabla hawajawakaribia, na kila mmoja apandishwe kwa zamu kutoka nyuma, kwa maana wote wakishika ubavu mmoja utapinduka.